Theluji Begani mwa Bi Shinuna

Mjukuu wa Bi Zuwena aliniambia kofia yangu ni ya bandia, na aliniambia matangani, tumeshamzika bibi yake, ukumbi umejaa wanaume, na kahawa bado ninayo mdomoni. Kijana anaitwa Haitham, mtoto wa rafiki yangu Nasor. Kasoma mpaka kasomeka, ana adabu zake, na hakusema kwa ubaya. Aliniinamia sikioni, akanong'ona, "Ami Sele, samahani. Nani alokuuzia hii? Nyota za bibi zina miguu minane. Hii yako ina sita. Wamekupiga." Mimi! Suleiman, mwenye magari ya baridi yanayochukua samaki Qurayyat mpaka Nizwa na kupindukia, mtu ambaye wakubwa wanakula nguru wake kwenye harusi zao wala hawajui wamshukuru nani, niambiwe nimepigwa kwa kofia! Nilimeza kahawa yangu polepole. Mtu mwingine ningemjibu palepale. Lakini yule kijana ana macho ya bibi yake, yale macho ya kutaka kujua, na mbele ya macho yale mimi tangu zamani huwa sina ukali.

Na wakati huohuo simu za watu zikaanza kutetemeka ukumbini, moja baada ya nyengine. Taarifa ya hali ya hewa: baridi kali milimani mwishoni mwa wiki, na uwezekano wa theluji nyepesi Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote huku Oman. Vijana waliokaa karibu na mlango wakaanza kuulizana chini kwa chini nani ana gari ya kupanda mlima, wakikumbuka kuwa wapo msibani wananyamaza, wakisahau wanaanza tena. Nikamtazama Nasor, kakaa mwisho wa ukumbi anapokea pole za watu. Na yeye alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa kalisikia neno theluji. Akatikisa kichwa, akatabasamu na machozi yanamtoka, na mimi nikajua sote wawili tumerudi mwaka uleule. Nikamshika Haitham mkono. "Kaa hapa," nikamwambia. "Kofia hii haikununuliwa." Nilimsimulia nilichoweza, kwa kuibaiba, maana watu walikuwa wanaingia na kutoka. Humu nakusudia kuusema mwaka ule mzima. Habari za kwetu Qurayyat, nani kamzaa nani, sizitii. Anayezitaka barabara anaijua.

Mwaka ule nilikuwa kijana, sina kitu ila leseni ya kuendesha gari na mdomo. Shule niliiacha mapema, na sijaona ilipokuja kunitafuta. Niliendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa samaki: asubuhi napakia sokoni Sib, mchana niko Nizwa au Bahla, jioni nimerudi. Nikapanga chumba kwa mama yake Nasor, kwenye zile nyumba za serikali, chumba kilichopakana na jiko, dirisha lake moja likitazama uani. Kodi yangu ilikuwa samaki. Siku ya kwanza Bi Zuwena alinipokea mlangoni, mwanamke mwembamba mrefu, akanusa hewa, akasema, "Karibu mwanangu. Viatu weka nje, na hiyo harufu yako iweke papo hapo karibu na viatu." Nikampenda. Ukuta baina ya chumba changu na jiko ulikuwa mwepesi, na mimi sikuwa na redio yangu, kwa hiyo maneno ya jikoni ndiyo yaliyokuwa redio yangu. Leo nyumba yangu ina vyumba ambavyo mimi mwenyewe sijaviingia mwezi mzima, na hakuna hata kimoja kinachosikika kama kile.

Bi Zuwena alikuwa mshona kofia. Na mtu asidhani kofia ni kofia tu. Kofia yetu hii nyeupe kila kijitobo chake kinatobolewa kwa sindano, kisha kinazungushiwa uzi wa hariri ukingoni mpaka kikaze, na vitobo vikikusanyika ndipo ua linapotokea, au nyota, au vyovyote alivyokusudia mshonaji. Ubavu wa kofia peke yake unakula miezi. Wanawake wengine walishona maua, walishona makorosho, walishona vikombe. Bi Zuwena alishona nyota, nyota ya miguu minane, na hapana mwengine aliyeishona. Watu waliagiza kutoka Matrah, kutoka Sur, wakiiita kofia ya theluji. Na ilikuwa theluji kweli, kwa kukusudia. Alikuwa na kopo la biskuti alilokuja nalo kutoka Unguja, ndani anaweka nyuzi na sindano, na juu ya kifuniko pamechorwa nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, paa jeupe, moshi, na nyota nyeupe zinashuka. Kifuniko kilikuwa kimeshalika kwa vidole. Nyumba imebaki nusu, moshi umeondoka, lakini nyota moja pembeni ilikuwa nzima. Hiyo ndiyo aliyoinakili tangu msichana.

Alasiri wanawake walikuja kushona sebuleni kwake, chini, juu ya busati, karibu na dirisha. Chai ya tangawizi, muhogo wa nazi, na mimi kitandani kwangu nyuma ya ukuta najidai nimelala. Kinara wa mazungumzo alikuwa Bi Shinuna, jirani wa mlango wa pili, mfupi, mnene, sauti kama mtu anayeita gari. Na yeye mshonaji, tena hodari, akishona mawaridi. Walikuwa marafiki wa utotoni, yaani hawakuachiana hata kidogo.

"Mimi nashona waridi," nilimsikia siku moja, "kwa sababu waridi nnalijua. Nimelishika, nimelinusa, limenichoma. Wewe Zuwena unashona kitu hujapata kukiona hata siku moja."

"Nimekiona kwenye kopo."

"Kwenye kopo! Na mimi kwenye kopo la maziwa nimemwona ng'ombe anacheka. Ng'ombe gani anacheka? Mtoto wa ndugu yangu kasoma Urusi, nlimuuliza. Kanambia theluji ni kama chicha la nazi. Madonge madonge, meupe, yanamwagika. Hakuna nyota, hakuna miguu."

"Hakutazama vizuri."

"Miaka yote Urusi hakutazama? Alikuwa kafumba macho? We sema tu, bibi: umewavisha watu uongo kichwani."

Wakacheka wote, na Bi Zuwena alicheka pia. Lakini chai yake siku ile, mimi niliyetoka baadaye kuviosha vikombe, niliikuta kikombe kizima haikunywewa.

Lingekuwa neno la kupita, kama macho yake yangekuwa mazima. Mwaka ule ndipo alipoambiwa ana presha ya macho. Maradhi hayo hayaji mbele yako kama ukungu. Huanza pembeni, yanakula ukingo, yanaingia ndani polepole, mpaka mtu anabaki anaitazama dunia kama anachungulia tundu la ufunguo. Hivyo ndivyo alivyotueleza mwenyewe, tena kwa hamu, kama anayesimulia safari. "Mbele nnaona sawasawa," alisema, "lakini kidogo. Nikikutazama pua, Sele, masikio huna." Daktari alimpa dawa za matone, akamwambia ukweli: zitachelewesha, hazitarejesha. Nasor alilia chumbani kwangu. Mama mtu hakulia. Alikaa na kopo lake mapajani, kidole juu ya ile nyota, akasema, "Mimi sina mengi nilobakisha kuyaona. Watoto nimewaona. Kaaba nimeiona. Nataka kujua kitu kimoja tu kabla tundu halijafunga. Nlishona kweli au nlishona uongo?"

Kwa hiyo redio ikawa mali kubwa nyumbani kwetu. Sikuwa nimepata kuona watu wanaisikiliza hali ya hewa kama wanavyosikiliza mwandamo wa mwezi. Kipupwe kilipoingia, kila jioni baada ya magharibi Nasor aliiweka redio juu ya friji, sote tunanyamaza. Bahari: mawimbi ya wastani. Batina: ukungu asubuhi. Hapo Bi Zuwena anapunga mkono, hayo hayamhusu. Kisha milimani: joto kushuka, chini ya sifuri vileleni, mawingu. Na jioni moja msomaji akasema, kwa sauti ileile aliyosomea mawimbi, pana uwezekano wa theluji nyepesi Jabal Shams. Nasor akaruka. Bi Zuwena akanyanyua kidole. "Nyepesi," akasema. "Nyepesi kwa kupimwa na nini? Wanaipima kabla haijashuka? Nani kapanda juu akaishika?" Mimi leo hali ya hewa naisoma kwenye simu kila alfajiri kabla gari langu halijatoka getini, na vijana wangu wenye digrii wananiuliza mimi kama barabara itapitika, na hawajawahi kunikuta nimekosea. Lakini swali lile la Bi Zuwena sijalipatia jawabu mpaka leo. Bado nnaliuliza.

Kumpeleka mlimani haikuwa neno la kutajwa. Kifua chake kilikuwa kibovu, na barabara ya juu wakati ule ilikuwa changarawe na mashimo, upande mmoja jiwe na upande mmoja hewa. Tukakata shauri mimi na Nasor: theluji itakuja Sib. Nani wa kuileta? Mimi. Kuna mtu alikuwa anajua kusafirisha kitu cha baridi kuliko mimi? Niliteremsha nguru Nizwa, nikalifua lile sanduku la samaki, tukapita Hamra, tukapanda. Tulifika imeshaacha kushuka. Jua limetoka, na theluji imebaki mabaki tu, kwenye vivuli, baina ya mawe, nyeupe na michanga ndani yake. Tulipiga kelele kama wendawazimu, tukarushiana, Nasor akaitia kinywani. Tukajaza sanduku kwa koleo. Na hapo tukafanya kitu ambacho hakuna mtu duniani angekifanya isipokuwa mtu wa samaki. Samaki wa safari ndefu unamwekea barafu, na juu ya barafu unamwagia chumvi ya mawe, maana chumvi inaitia barafu ukali, samaki anafika amekakamaa kama ubao. Basi tukaimwagia theluji chumvi. Tena kwa ukarimu. Wazo lilikuwa la Nasor, ingawa chumvi ilikuwa yangu na aliyemwaga ni mimi.

Tulifika Sib alasiri, na mtaa mzima ulikuwa unatungoja, maana Nasor alikuwa kapiga simu kutoka Nizwa. Wanawake wamejaa uani, watoto wamepanda ukuta, Bi Zuwena kakalishwa kwenye kiti mbele, kama bibi harusi. Nikalishusha sanduku, nikasema maneno mawili matatu ya kujisifu, nikafungua. Ndani mlikuwa na maji. Maji ya kijivu, baridi ya kukata vidole, na juu yake yanaelea magamba ya nguru. Sanduku tulilolijaza lilikuwa limebaki nusu, na hiyo nusu inanuka. Bi Zuwena akainama, akatia kidole, akakipeleka ulimini. Akafikiri.

"Mwanangu Sele," akasema, "mimi nimezaliwa pwani, nimekuja kwa bahari, nakaa karibu na bahari. Wewe umekwenda mpaka juu ya mlima kuniletea bahari?"

Bi Shinuna akapiga ukelele wa kicheko. "Jamani! Theluji ya Oman ina mchuzi! Leteni wali!"

Waliniita Sele Mchuzi mpaka kiangazi. Na nyinyi mnaocheka, jueni kuwa kule ndiko nilikojifunza kuwa chumvi inayeyusha kwanza ndipo inatia ukali, na jambo hilo limenijengea maghala. Lakini jioni ile Bi Zuwena alituita mimi na Nasor peke yetu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali. "Mlipoishika kule juu, kabla ya chumvi yenu, ilikuwa na umbo gani?" Tukatazamana. Nasor akasema kama mchanga. Mimi nikasema kama sukari. "Mchanga na sukari si kitu kimoja," akasema. "Hamkuitazama?" Hatukuitazama. Tuliikanyaga, tuliirusha, tuliila, tuliichota kwa koleo, na hatukuitazama. "Basi," akasema, "ilolala chini imeshakufa. Ua likianguka siku mbili hulijui tena lilikuwa ua gani. Mimi nataka inayoshuka." Akaichukua sindano, akaiweka mbele ya jicho. "Mwezi uliopita nlikuwa nnaiona sindano yote. Leo nnaona tundu lake tu."

Mwisho wa kipupwe redio ikasema tena. Baridi kali, chini ya sifuri, theluji nyepesi vileleni kuanzia kesho mchana. Mara hii mwenyewe alisimama, akaenda chumbani, akarudi na mablanketi. Nasor akaona.

"Mama, hapana. Kifua chako. Baridi itakuua."

"Wewe nlikuvusha bahari uko tumboni, natapika toka Unguja mpaka Maskati, sikusema ningoje hali ya hewa ikae vizuri. Leo wewe ndo wa kunitisha mimi na baridi?"

"Barabara mbaya, mama. Na gari ya Sele inanuka."

"Sele mwenyewe ananuka na nnakula naye. Yalla, pisha njia."

Asubuhi tunatoka, nani kasimama kando ya pikapu na buibui lake na kikapu mkononi? Bi Shinuna. "Akenda peke yake atarudi atudanganye," akasema. "Mimi ndo shahidi." Akajitia ndani, akamsukuma mwenzake katikati, akafunga mlango. Nasor akapanda nyuma, kajifunga mablanketi, kaegemea sanduku la samaki kama sultani. Safari ile sijapata kuendesha kama ile. Tulipopita Sumail wazee wale walikuwa wanabishana juu ya nani aliyeunguza wali kwenye harusi fulani Unguja, tulipofika Izki wakabishana nani kati yao aliyeposwa mwanzo. Nizwa nilisimama kununua mkate na chai, na mteja wangu mmoja wa samaki akachungulia dirishani, akauliza, "Leo umeleta nini?" Bi Shinuna akamjibu kwa Kiarabu chake cha Unguja, "Papa wawili. Wazee, lakini bado wana meno." Kupanda mlima ndiko kulikowanyamazisha. Pale upande mmoja palipobaki hewa tupu, Bi Shinuna alishika tasbihi, na Bi Zuwena akamwuliza kwa upole, "Unaona nini? Nambie, mimi sioni." "Huna haja," akajibu mwenzake. "Leo umeneemeka kwa upofu wako."

Juu palikuwa na mawe, miti ya mireteni iliyojikunja, na kiwingu kilichokaa chini kabisa kama kinataka kuingia garini. Upepo ulikuwa unapiga mluzi. Tukafunga vioo, Nasor akajibana na sisi ndani kwa namna ambayo si adabu kuieleza, tukala boko boko la moto, ngano na nyama, Bi Shinuna alilolifunga kwenye kikapu. Vioo vikaingia mvuke. Tukangoja. Kifua cha Bi Zuwena kilianza kuita, kila pumzi ina sauti yake, na Nasor ananitazama, macho yanasema turudi. Mimi nilikuwa nimeshatia gari gia ya nyuma, nakiri, mkono wangu bado uko juu yake. Bi Zuwena akauweka mkono wake juu ya wangu. Nikaitoa.

Ikaja bila ya kubisha hodi. Nasor alikuwa kafuta kioo kwa kiwiko, akasema, "Mama." Tukatoka. Na hapo niliijua maana ya nyepesi. Haikuwa ile ya kwenye kopo, haikufunika chochote. Ilikuwa inashuka kidogo kidogo, chembe hapa, chembe kule, kama mtu anayekung'uta unga viganjani baada ya kazi, na kila chembe ikigusa jiwe inakufa papo hapo. Bi Zuwena akanyanyua uso juu, blanketi limemwanguka.

"Iko wapi?"

"Pande zote, mama. Inakupiga usoni."

"Nnaihisi. Siioni. Nnaona kijivu tu. Inapita tundu langu mbio."

Nasor alikinga kiganja, akakimbia nacho, alipofika mbele ya jicho la mama yake palikuwa na tone la maji. Mimi nikanyoosha mkono wa kanzu yangu ya dishdasha. Nyeupe juu ya nyeupe, hata mimi sikuona kitu. Bi Shinuna alikuwa kasimama pembeni, kajikunyata, kavimba kwa ushindi. "Chicha," akasema. "Nlisema mimi. Chicha tupu." Bi Zuwena akageuka aifuate sauti, mguu ukateleza juu ya jiwe, akanyoosha mkono akamdaka mwenzake begani. Akaangukia pale, uso wake umebandikwa kwenye bega la Bi Shinuna, na hakunyanyuka. Nilidhani analia. Nasor alidhani analia, akaanza kwenda. Hata Bi Shinuna alilainika, akainua mkono ampapase mgongoni, akaanza, "Usijali, shoga yangu, mimi maneno yangu ya mchezo tu..."

"Shinuna!" alisema Bi Zuwena. "Usipumue!"

Bi Shinuna akakata pumzi. Mtu yule ambaye sijapata kumsikia kanyamaza alisimama kama nguzo, mashavu yamejaa. Na juu ya bega la buibui lake, lile buibui jeusi tititi, zilikuwa zimekaa chembe za theluji, hazijayeyuka, kwa sababu nguo ile ilikuwa na baridi kuliko jiwe. Bi Zuwena alikuwa kaliweka jicho lake karibu nazo mno, mpaka kope zinazigusa. Tundu la ufunguo halichukui mlima. Chembe moja ya theluji linaichukua yote, na nafasi inabaki. Tukamsikia anahesabu, taratibu, midomo haifunguki vizuri kwa baridi. Akafika sita, akasita. Akahamia nyengine. Akafika sita. Akasogea mpaka kwenye shingo, akahesabu tena.

"Sita," akasema. "Zote sita."

Bi Shinuna akaitoa pumzi yake yote. "Miguu? Au madonge?"

"Miguu. Nyota, Shinuna. Nyota hasa, na kila mguu una vidole vyake."

"Basi umenishinda."

"Sijakushinda. Mimi nimeshona minane." Akanyanyuka, machozi yanamtoka, na alikuwa anacheka, kifua kinaita na anacheka. "Aliyechora lile kopo, Shinuna! Maskini ya Mungu! Kumbe na yeye hakupata kuiona!"

Wote wawili wakashikana, wakacheka mpaka Nasor akawarudisha garini kwa nguvu. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Niliokota lile blanketi lililomwanguka Bi Zuwena, ambalo lilikuwa jeusi nalo, na nikaziona. Nilikuwa nimepanda mlima ule safari ya mwanzo, nina macho mazima mawili, nikajaza sanduku zima. Leo najisifia mengi, na nnayo haki. Lakini kuitazama theluji nimefundishwa na mwanamke aliyekuwa amebakiwa na tundu moja la kuonea.

Homa ilimlaza wiki nzima, na Nasor hakusema nami siku hizo. Alipoinuka aliomba kitambaa kipya. Zile kofia zake zote za zamani zilikuwa zimeshakwenda kwa watu, ziko vichwani, hazirudi, wala hakutaka zirudi. "Zile za kopo," alikuwa akisema. "Na hii ya Jabal Shams." Ilimchukua mpaka joto lilipoingia na tende zikaanza kugeuka rangi. Uzi hakuweza tena kuutunga, kwa hiyo aliyemtungia ni Bi Shinuna, kila alasiri, analalamika, "Mimi nimekuwa mtumwa wa mshindani wangu." Nyuma ya ukuta nilikuwa nasikia, "Hii sawa?" "Mguu mfupi, rudia." "We sema kweli." "Kweli nakwambia, mimi ndo shahidi." Kisha siku moja nikasikia kimya, na baadaye sauti ya Bi Zuwena, haina hofu ndani yake. "Basi, limefunga. Nipe kidole chako, Shinuna, kiweke pale nlipoishia." Na sindano ikaendelea.

Kofia akanipa mimi. Nilikataa, nikasema ni haki ya Nasor. "Nasor ni mwanangu," akasema, "atanikumbuka apende asipende. Wewe ni mpangaji. Utapata mali wewe, nnakuona, utahama, utasahau." Alikuwa kipofu siku hiyo, na alisema nnakuona. Nimepata mali. Nimehama. Kofia haijatoka kichwani isipokuwa kuoshwa, na ninaiosha mwenyewe kwa mikono, simpi mtu.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Haitham ukumbini, si yote, kiasi. Alinisikiliza kakunja miguu, kahawa yake imepoa. Nilipomaliza akaniuliza, "Nnaweza kuishika?" Watu wanaonijua wanajua kuwa mimi tangu nywele ziliponihama sivui kofia mbele ya mtu, hata kinyozi namfungia mlango. Nikaivua. Kichwa changu kikapigwa na baridi ya kiyoyozi. Akaizungusha mkononi, nyota moja moja, midomo yake inahesabu, mpaka akafika nyuma, pale panapokaa juu ya kisogo. Kidole kikasimama.

"Ami, hii imepinda. Mguu mmoja umekwenda kando."

"Hiyo ndo ya mwisho," nikamwambia. "Hiyo aliishona baada ya tundu kufunga."

Akafumba macho, akaipapasa. Kwa mbali, upande wa wanawake, tukamsikia bibi kizee mmoja mwenye sauti ya kuita gari anamkaripia mtu kuhusu chai, na Nasor akainua kichwa, akatabasamu tena. Haitham akafumbua macho. Hakunirudishia kofia mkononi. Alinyanyuka, akanivisha mwenyewe, kwa mikono miwili, na ile nyota iliyopinda akaiweka mbele, juu ya paji la uso, mbele ya watu wote. Sikuigeuza.